Jinsi ya kumhudumia mgonjwa mwenye tyubu ya hewa na aliyewekwa kwenye ventileta (mashine ya kupumulia)

Kabla hujashika chochote pale kitandani elewa kwanza hiyo tyubu imemnyang'anya mgonjwa vitu gani, manake ukishaelewa hapo kila unachofanya utajua sababu yake na hutahitaji kukariri. Pua ndo huwa inapasha hewa joto, inaipa unyevu na kuichuja, sasa tyubu imeiruka pua kabisa. Ili mtu akohoe kwa nguvu lazima nyuzi za sauti zifunge alafu ziachie ghafla, sasa tyubu imepita katikati yake haziwezi kufunga, kwa hiyo kikohozi chake hakina nguvu na makohozi yanabaki humo humo. Mate hamezi vizuri, yanajikusanya juu ya kafu, lile puto dogo linaloizunguka tyubu ndani ya bomba la hewa, yakisubiri nafasi ya kushuka mapafuni. Na sauti hana. Anaweza kuwa anaumia, anaogopa, anakosa hewa, na hakuna hata neno moja litakalotoka. Kazi yako nesi ni kumfanyia yote hayo ambayo mwili wake ulikuwa unajifanyia, mpaka siku tyubu itakapotoka.

Naongelea mtu mzima hapa, watoto wana vipimo vyao. Na pale ambapo utaratibu wa wodi yenu au maagizo ya daktari yanasema tofauti, fuata hayo.

Unapoingia shifti

Mgonjwa kwanza, mashine baadaye. Kifua kinapanda pande zote mbili sawasawa? Rangi ya midomo ikoje, anapigana na mashine au ametulia, weka stetoskopu usikilize kulia na kushoto na pia juu ya tumbo. Kama mna kapnografia angalia lile wimbi la kaboni daioksaidi, namba ya kawaida ni 35 hadi 45 milimita za zebaki, lakini wimbi lenyewe ndo la muhimu zaidi, likikaa bapa kabisa chukulia kwamba tyubu haipo kwenye njia ya hewa mpaka ithibitike vingine. Usianze kwa kulaumu waya wa monita.

Alafu shika tyubu yenyewe. Soma namba yake na alama ya sentimita pale kwenye meno, kwa kawaida wanawake inakaa karibu na 21 na wanaume karibu na 23, ila hiyo ni makadirio tu, namba yako wewe ni ile iliyoandikwa kwenye chati baada ya eksirei kuonyesha ncha iko sentimita 3 hadi 5 juu ya pale bomba la hewa linapogawanyika. Ikisoma 23 jana na leo inasoma 26 ujue imezama, na ikizama mara nyingi inaingia pafu la kulia manake njia ya kulia imenyooka zaidi, kushoto kunabaki kimya. Kumbuka pia kuinamisha shingo kunaisukuma tyubu chini na kuinua kidevu kunaivuta juu, kwa hiyo kila baada ya kumgeuza mgonjwa au kumbadilishia shuka rudia kusoma hiyo alama. Ndo wakati tyubu nyingi zinapochomoka, tunapogeuza, kwa hiyo mtu mmoja kazi yake iwe kushika tyubu na hoozi tu, asisaidie kitu kingine.

Ambu, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, iwepo kitandani, sio kabatini wala kwenye toroli kule mwisho, iwe na barakoa yake na imeunganishwa kwenye oksijeni, ibonyeze ujue inafanya kazi. Umeme ukikatika au mashine ikigoma hicho ndo kitu pekee kilichobaki kati ya mgonjwa na kifo. Mwaka 1952 kule Copenhagen polio ilipopiga, daktari wa ganzi Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe trakeostomi, yani tundu la kupumulia shingoni, na kupumulishwa kwa mikono, wanafunzi wa udaktari karibu 1,500 wakawa wanapokezana usiku na mchana kubonyeza mfuko na watu wengi wakapona, kwa hiyo usije ukadhani mashine ikifa basi kila kitu kimeisha, mkono wako unatosha ukiwa umejiandaa. Jaribu na sakshoni, mashine ya kunyonya makohozi, pia uone inavuta.

Kafu

Presha ya kafu inatakiwa iwe kati ya 20 na 30 sentimita za maji, pima kwa kipimo chake angalau kila shifti. Kubonyeza kile kijiputo kwa vidole ukasema iko sawa hakuaminiki hata kama umefanya kazi miaka mingi. Ikizidi 30 damu haipiti vizuri kwenye ukuta wa bomba la hewa, panatokea kidonda na baadaye bomba linaweza kusinyaa, ikipungua chini ya 20 mate yenye bakteria yanateleza pembeni yanaingia mapafuni. Kitu kimoja wengi wanakipita: ukiona unaongeza hewa kila mara na bado inavuja na unasikia sauti ya mgonjwa ikikwaruza, usiendelee kujaza tu, angalia alama ya sentimita, inawezekana tyubu imepanda na kafu iko juu kwenye nyuzi za sauti, hapo ita daktari. Na kafu sio ya kushikilia tyubu isitoke, kinachoishikilia ni kamba au plasta.

Kuvuta makohozi

Hapa ndo tunaumiza wagonjwa bila kujua. Sakshoni haifanywi kwa saa, eti kila baada ya masaa mawili, inafanywa mgonjwa akiihitaji. Dalili unazijua: makohozi yanaonekana kwenye tyubu, kifua kinakoroma ukiweka stetoskopu, wimbi la mtiririko kwenye skrini linakuwa na meno meno kama msumeno, presha inapanda, oksijeni inashuka, anakohoa hovyo. Lakini pia usipitishe shifti nzima bila kukagua kama anahitaji.

Katheta, ule mrija mwembamba wa kunyonyea, isizidi nusu ya upana wa ndani wa tyubu, njia rahisi ni kuchukua namba ya tyubu ukatoa 2 ukazidisha kwa 2, tyubu ya 8 inatumia katheta ya 12 na ya 7 inatumia ya 10. Ukitumia nene zaidi unanyonya hewa yote ya pafu na linasinyaa. Presha ya sakshoni weka 80 hadi 120 milimita za zebaki, makohozi yakiwa mazito kweli watu wanapanda hadi 150.

Mwambie kwanza unachotaka kufanya, hata kama kalala. Mpe oksijeni asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60, ventileta nyingi zina kitufe chake. Kama sakshoni ni ya wazi vaa glavu safi zilizosterilaizwa na katheta mpya, kama ni ile iliyofungwa ndani ya plastiki huna haja ya kumtoa kwenye mashine na hiyo ni bora zaidi kwa mwenye PEEP kubwa, yani presha ambayo mashine inaiacha mapafuni mwisho wa kutoa pumzi. Ingiza bila kuvuta, taratibu, mpaka akohoe au uhisi imegota, rudi nyuma sentimita moja, sasa ndo ufungue mvuto huku unaitoa. Kuanzia kuingiza mpaka kutoa isizidi sekunde 15, mi huwa nabana pumzi yangu mwenyewe, nikianza kuhitaji hewa najua na yeye anaihitaji. Mpe apumzike kabla ya kurudia, na macho yako yawe kwenye monita, mapigo ya moyo yakishuka ghafla acha hapo hapo na mpe oksijeni, ule mshipa wa fahamu wa vagasi umeguswa. Mwenye jeraha la kichwa fanya kwa ufupi zaidi manake kila sakshoni inapandisha presha ya ubongo.

Kumwaga salaini ndani ya tyubu ili kulainisha makohozi usiifanye iwe mazoea, haiyeyushi makohozi na inaweza kushusha oksijeni na kusukuma vijidudu chini. Makohozi yakiwa mazito yananata kama gundi tatizo lako ni unyevu, karekebishe huko.

Ukimaliza andika rangi, uzito, wingi na harufu. Makohozi yaliyokuwa meupe yakigeuka ya njano au kijani, na homa ikapanda, hiyo ni taarifa ya kumpelekea daktari leo, isisubiri raundi ya kesho.

Unyevu

Kuna njia mbili, mashine ya kupasha maji moto au ile filta ndogo ya kati inayotunza unyevu wa pumzi yake mwenyewe. Chagua moja, usiweke zote mbili kwa pamoja, filta italoa itaziba na mgonjwa atahangaika kupumua wakati wewe unatafuta tatizo kwenye mapafu. Ukimpa dawa ya kupuliza toa hiyo filta kwanza kama imekaa kati ya dawa na mgonjwa, vinginevyo dawa yote inaishia kwenye filta, na ukimaliza irudishe. Maji yanayojikusanya kwenye hoozi yamwage kuelekea kwenye chombo chake mbali na mgonjwa, kamwe yasirudi kwake. Hoozi zenyewe hazibadilishwi kwa ratiba, zibadilishe zikichafuka au zikiharibika, kila ukifungua fungua unakaribisha vijidudu.

Mdomo, kichwa juu, na nimonia ya ventileta

Nimonia ya ventileta ni ile inayoanza baada ya masaa 48 tangu tyubu iwekwe, na sehemu kubwa inatoka mdomoni. Inua kichwa cha kitanda digrii 30 hadi 45 kama hakuna sababu ya kuzuia, na uangalie mgonjwa mwenyewe kama bado yuko digrii hizo, manake anateleza chini alafu kitanda kiko juu na yeye amejikunja katikati. Piga mswaki kweli, meno, ulimi na fizi, huku sakshoni ikivuta maji. Zamani klorheksidini ilisifiwa sana kwa kazi hii, ila miongozo ya Marekani ya 2022 inasema mswaki uwepo na klorheksidini iachwe, kwa hiyo angalieni utaratibu wenu kama umeshapitiwa upya. Kabla ya kumlaza chali, kumgeuza au kugusa kafu, nyonya mate ya nyuma ya koo kwanza. Kama tyubu ina kitundu cha kuvuta mate ya juu ya kafu kitumie, kiko pale kwa sababu hiyo.

Hamisha tyubu kutoka kona moja ya mdomo kwenda nyingine kila siku, ukiwa na mwenzako, manake midomo inapata vidonda kimya kimya na ndugu wakija wanaona. Macho ambayo hayafungi vizuri yapake mafuta yake ya macho. Mgeuze, sogeza viungo, chakula kwa mpira wa puani kianze ndani ya masaa 24 hadi 48 kama daktari hajazuia.

Alamu ikilia

Usikimbilie kuizima. Kuna mtu pale anayesema kitu na hiyo alamu ndo mdomo wake kwa sasa.

Alamu ya presha kubwa maana yake hewa inapata shida kuingia: makohozi, anauma tyubu, hoozi imekunjwa chini ya reli ya kitanda, maji kwenye hoozi, anakohoa, njia zimebana kama mwenye pumu, au hewa imevuja ikajaa nje ya pafu. Presha ndogo au ujazo mdogo maana yake hewa inapotea mahali, fuata kwa mkono kuanzia kwa mgonjwa mpaka kwenye mashine, kiungo kwa kiungo, mara nyingi utakuta kimechomoka kwenye filta au kafu imeishiwa.

Sasa kama mgonjwa mwenyewe anaharibika, oksijeni inashuka, rangi inabadilika, usisimame pale kubonyeza vitufe, mtoe kwenye ventileta, mpumulishe kwa ambu na oksijeni asilimia 100, piga kelele upate msaada. Mkono wako utakuambia mengi. Ikiwa ambu inabonyea laini na anarudi, tatizo lilikuwa mashine. Ikiwa ngumu, pitisha katheta ya sakshoni, isipopita tyubu imeziba au anaiuma. Ikipita lakini upande mmoja wa kifua haupandi, ni tyubu imezama au nimothoraksi, ile hewa iliyovuja ikajaa nje ya pafu, na kama presha ya damu inaporomoka na mishipa ya shingo imevimba, hapo ni dharura ya dakika, daktari aje sasa hivi sio baadaye. Mwenye pumu kali akitolewa tu kwenye mashine akaachwa atoe hewa, presha ya damu ikipanda yenyewe, ujue hewa ilikuwa inajikusanya ndani haitoki, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoona.

Kwenye namba za mashine kuna moja ambayo nesi anaweza kuiokoa, nayo ni urefu wa mgonjwa. Ujazo wa kila pumzi unahesabiwa mililita 6 hadi 8 kwa kilo, lakini kilo zinazotokana na urefu, sio zile za mizani, manake mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyoumia vibaya ulilinganisha mililita 12 na mililita 6 kwa kilo, vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Kwa hiyo chukua futi ya kupimia, mpime akiwa amelala, andika. Na ile presha ya hewa ikiwa imetulia ndani ya pafu isipite 30 sentimita za maji, ukiona inapanda sema.

Mtu aliye nyuma ya tyubu

Asiye na sauti anaonekana msumbufu haraka sana. Nilishapokea mzee mmoja kwenye ripoti anasemwa hivyo, usiku mzima anapiga miguu na kushika tyubu, dawa ya usingizi imeongezwa na kuongezwa tena. Nikamwambia mzee, nitakutajia vitu kimoja kimoja, kikiwa ndo hicho fumba macho kwa nguvu. Koo? Hakufumba. Hewa haitoshi? Hakufumba. Tumbo? Akayafumba akayabana kweli kweli. Nikafunua shuka, mpira wa mkojo umekunjika chini ya paja, mfuko mtupu, kibofu kimejaa mpaka kinaonekana kwa macho. Mpira uliponyooshwa mkojo ukatoka kibao na mzee akatulia bila dawa yoyote.

Ndo maana mgonjwa akianza kuhangaika, kabla ya kuongeza dawa ya usingizi pitia haya: oksijeni ikoje, tyubu iko mahali pake, anaumwa, kibofu, choo, amelalia kitu, anaogopa. Maumivu yanatibiwa kwanza, usingizi baadaye. Asiyeweza kusema unampima kwa sura, mwili, jinsi anavyokubaliana na mashine na misuli ilivyokaza, kile kipimo cha CPOT kinachoanzia 0 hadi 8, akifika 3 au zaidi chukulia anaumwa. Usingizi pima kwa RASS, kipimo cha kiwango cha usingizi, wengi tunataka wawe 0 hadi toa 2, yani anaamka ukimwita, sio amezama kabisa. Kila siku mkiwa na daktari muulizane kama dawa inaweza kusimamishwa aamke na kama anaweza kujaribiwa kupumua mwenyewe, dawa nyingi zinamuongezea siku kwenye mashine. Aliyepewa dawa ya kupoozesha misuli ni jambo lingine, huyo lazima awe usingizi mzito muda wote, hawezi hata kufumba macho kukuambia kwamba yuko macho na anasikia kila kitu.

Jitambulishe kila unapoingia, mwambie siku na saa, mpe miwani yake na vifaa vyake vya kusikia kama anavyo, mpe karatasi na kalamu au ubao wa picha. Ndugu waonyeshe wanaweza kumshika mkono, wengi wanaogopa waya.

Wenye trakeostomi

Kitandani pawepo tyubu ya akiba saizi ile ile na nyingine ndogo yake, kile kiongozi cha kuingizia, sirinji, sakshoni na ambu. Kamba ya shingoni ikazwe kidole kimoja kiweze kupita chini yake. Mrija wa ndani ukague kila baada ya masaa machache, ndo unaoziba, na uzuri wake ukiutoa tu njia imefunguka. Valvu ya kuongelea usiiweke kabla ya kutoa hewa yote kwenye kafu, nasema hewa yote, manake valvu inaingiza tu haitoi, kafu ikiwa imejaa pumzi haina pa kutokea na mgonjwa anakufa mbele yako.

Ikichomoka ndani ya wiki ya kwanza usijaribu kuirudisha kwa kubahatisha, tundu halijakomaa na tyubu inaweza kupita kwenye nyama badala ya njia ya hewa. Ita msaada, mpe oksijeni mdomoni na shingoni, na kama hapumui ziba tundu kwa shashi na umpumulishe kwa ambu kupitia mdomoni. Ila aliyekatwa zoloto lote hana njia kutoka mdomoni kwenda mapafuni, huyo oksijeni na ambu zote zipite shingoni, na taarifa hiyo ibandikwe ukutani juu ya kitanda chake kwa maandishi makubwa.

Kuitoa tyubu

Jaribio la kupumua mwenyewe ni dakika 30 hadi 120. Kaa naye. Akipumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, oksijeni ikashuka chini ya 90, jasho, mapigo kupita 140, au anaanza kuchanganyikiwa, mrudishe kwenye mashine apumzike, kesho ipo. Akifaulu, anaamka na anakohoa vizuri, mkalishe, vuta makohozi ya tyubu alafu ya mdomo mpaka nyuma ya koo, toa hewa yote ya kafu, mwambie avute pumzi ndefu na wewe uitoe tyubu kwa mkupuo mmoja, kisha oksijeni kwa barakoa na umsifu akikohoa.

Masaa ya kwanza usiende mbali na vifaa vya kurudishia tyubu viwe karibu. Ukisikia sauti kali ya mluzi anapovuta hewa ndani koo limevimba, ita daktari hapo hapo na andaa adrenalini ya kupuliza. Sauti itakuwa ya kukwaruza siku chache, mwambie mapema asiogope, ikiendelea aonwe na daktari wa koo. Na atakuomba maji, karibu wote wanaomba, lakini baada ya tyubu koo linaweza lisijue kumeza na maji yakaenda mapafuni bila hata kukohoa, kwa hiyo lowesha midomo yake na mswaki wa sponji, kaa naye, na kikombe kisubiri mpaka apimwe kumeza.